Barua kwa mwanangu: kwa nini niliyasema mbele ya watu

Ipagala, Dodoma

Mwanangu,

Mbukwenyi, wewe na nyumba yako yote. Sisi hatujambo. Mama yako ni magoti tu, na mvua imeanza kwa mikogo yake ya Dodoma, siku moja mafuriko, siku kumi jua.

Jumapili uliniuliza swali kwenye simu nikashindwa kulijibu. Ulisema, "Baba, kama ulimkosea baba mdogo, si ungemfuata kwake mkayamaliza wawili? Ulikuwa na haja gani ya kujianika mbele ya watu kwa mambo ya mwaka 1998, mpaka wakwe zangu huku Mwanza wameyasikia?" Nikaanza kukujibu, salio likaisha. Heri liliisha, maana nilikuwa nimeshaanza kujitetea. Hapa naandika polepole, na mama yako amekaa pembeni anashona, kila nikitua kalamu ananitazama.

Wewe unakumbuka kidogo tu. Unakumbuka chumba chetu cha Pasua pale Moshi, na mtu aliyekuwa akikuletea ubuyu kila akishuka mlimani, ukimwita baba mdogo. Hatukuzaliwa tumbo moja. Tulitoka kijiji kimoja upande wa Mvumi, tukaingia jando mwaka mmoja, na mwaka 1991 tukadandia lori moja kwenda kutafuta kazi Kilimanjaro, tukipitia Kondoa wakati barabara ile ilikuwa vumbi na mashimo. Kule tulikuwa wa kuja. Mtu akisikia unatoka Dodoma, kinachomjia kichwani ni njaa na ombaomba wa mjini. Ndiyo maana sisi wawili tulibeba kuliko wengine na hatukulalamika, ili asipatikane wa kusema.

Kufikia 1998 mimi nilikuwa nimepanda cheo, ni msaidizi wa kiongozi anayepandisha wageni mlimani. Yeye alikuwa bado mgumu, ndivyo tunavyowaita wabeba mizigo, ila kwa nguvu zake walikuwa wakimchukua hata usiku wa kilele, jambo ambalo wagumu wengi hawalipati.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Tulitoka kambi ya Barafu karibu saa sita za usiku, wageni wanne. Njiani wawili walichoka, kiongozi mkuu akabaki nyuma nao, akaniachia mimi wawili wenye mwendo, pamoja na baba yako mdogo. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tukafika Stella Point. Hapo ni mita 5,756, umeshamaliza ule ukuta wa kokoto, na kilele chenyewe, Uhuru, mita 5,895, kimebaki mwendo wa saa moja hivi juu ya ukingo. Mgeni mmoja alikuwa mzima. Wa pili alikuwa anapepesuka kama mlevi, na nilipomuuliza jina la mkewe akanijibu habari za baiskeli.

Hata mgumu wa wiki ya kwanza anaijua dalili hiyo. Juu kule hewa ni karibu nusu ya hii unayoivuta Mwanza, na mtu akianza kupepesuka na kusema yasiyoungana, ubongo umeanza kuvimba. Dawa yake ni moja, kushuka, na ni kushuka wakati ule ule, hata kama kilele unakiona kwa macho. Mimi ndiye niliyekuwa na dhamana, kwa hiyo ilinipasa kumgeuza yule mzima, tushuke wote.

Yule mzima akasema atanipa dola 100 nikimfikisha Uhuru.

Nikamwambia baba yako mdogo, "Nisubirini hapa, narudi sasa hivi." Nikaondoka.

"Sasa hivi" yangu ilikuwa karibu saa mbili. Alikuwa amevaa viatu vya mtumba vilivyopasuka pembeni. Mgeni alikuwa amepoteza glovu, yeye akavua soksi zake za nje akamvika mikononi. Akasubiri, kwa sababu aliambiwa asubiri, na aliyemwambia ni ndugu yake wa jando. Jua lilipotoka na mimi sijaonekana, akaamua mwenyewe. Akambeba mgongoni, wakateremka. Mgeni akapona. Baba yako mdogo alikatwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto, baridi ilishavila.

Hilo ni kosa la mlimani, na makosa ya mlimani yapo. Lile la pili nililifanya chini, nikiwa nimekula, nimelala, nimepata akili zangu zote. Kiongozi mkuu aliniuliza ilikuwaje mgonjwa akakaa Stella mpaka jua likatoka. Nikajibu, "Nilimwambia washuke. Akazembea."

Umeona? Nilibadilisha neno moja. Nilisema "nisubirini" nikaja kudai nilisema "shukeni". Uongo wangu wote ni hilo tu, wala hakukuwa na wa kunisuta, mgeni hakumbuki kitu na mwenzake alikuwa ananitazama mimi, Kiswahili hakijui.

Pale geti la Mweka, tunakotokea tukishuka mlimani, siku ya kugawana bahshishi, kiongozi mkuu akasimama mbele ya wagumu zaidi ya ishirini akatangaza kwamba yule hapati kitu. Akaongeza, "Watu wa Dodoma mnawajua, wamezoea kukaa chini na kunyoosha mkono." Watu wakacheka. Mwanangu, na mimi nilicheka.

Kuanzia siku ile hakuna aliyemchukua tena. Akarudi kwao na mguu wake, ukaniuliza baba mdogo yuko wapi, nikakuambia amepata kazi nyingine. Mwaka uliofuata nikapata leseni ya kiongozi. Ada yako ya shule ilitoka hapo. Sikuambii ili ikuume, nakuambia kwa kuwa utaifikiria mwenyewe usiku, ni afadhali uisikie kwangu.

Sasa nikujibu kuhusu watu.

Unajua kwamba sisi wazee wa mlima tuliohamia au kurudi huku tuna umoja wetu, wa kuzikana na kusaidiana. Kila tarehe 9 Desemba tunakutana, kwa kuwa usiku wa Uhuru mwaka 1961 Alexander Nyirenda aliweka bendera na mwenge kileleni. Tunapanda jabali moja nje ya mji, lisilozidi kimo cha mnazi, wazee wa watu tunahema kama tuko Barafu, halafu tunakula. Siku hizi wanakuja na vijana wanaopanda mawe kwa kamba, wengine wanafunzi wa vyuo. Wazee wanawapa mafunzo. Na moja ya mafunzo yao, mwanangu, ni habari ya "Mgogo wa Stella", mgumu mzembe aliyekaa chini na mgonjwa badala ya kumshusha. Jina lake walishalisahau, ila kisa wanacho. Nimekisikia miaka mitano mfululizo, mkononi nina sahani ya nyama, nanyamaza. Mwaka mmoja kijana aligeuka akaniuliza mimi, kama fundi wa siku nyingi, yule angepaswa kufanya nini. Nikamjibu vizuri kabisa.

Aliyenifungua ni kijana mwingine, bila kujua. Tulikuwa tumekaa chini ya mbuyu tukisubiri kamba zikauke, akatusimulia habari za K2, mlima wa Pakistani. Mwaka 1954 Waitaliano waliupanda kwa mara ya kwanza. Usiku wa kabla ya kilele, Walter Bonatti na mbeba mizigo wa huko Hunza, Pakistani, Amir Mahdi, walipandisha mitungi ya hewa kwa ajili ya wale wawili watakaofika juu. Walipofika, hema halikuwa mahali walipokubaliana, lilikuwa limewekwa juu zaidi. Wakalala nje, zaidi ya mita 8,000, bila hema. Mahdi alipoteza vidole vyake vya miguu. Kisha Bonatti akaja kusingiziwa kwamba aliitumia ile hewa mwenyewe. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kwa chama cha wapanda milima cha Italia kukubali rasmi kwamba maelezo ya Bonatti ndiyo yaliyokuwa kweli. Bonatti alikuwa hai, akajionea. Mahdi alikuwa ameshafariki tangu 1999.

Kijana alisimulia kwa ajili ya Bonatti. Mimi nilibaki na vidole vya Mahdi. Nikahesabu umri wa baba yako mdogo, nikahesabu na wangu.

Usidhani nilikurupuka. Wiki tatu kabla ya tarehe 9 nilimfuata, kama ulivyotaka. Ana robo tatu ya eka ya zabibu Mpunguzi. Nilimkuta anafunga matawi kwenye waya. Nikamwambia yote, ingawa aliyajua kuliko mimi, na nikamwomba radhi pale pale shambani. Hakunijibu. Aliendelea kufunga mpaka mwisho wa mstari, nami nikamfuata nikimshikia kamba. Ndipo nikamwambia nataka kumwomba radhi mbele ya umoja wote, nikamkaribisha aje.

Akasema, "Usiniombe radhi mbele yao. Ukiniomba pale, watu wote watanitazama mimi, na mzee wa watu nitafanyaje, nitakukumbatia wapige makofi. Waambie ulisema nini pale juu. Basi."

Nilirudi nyumbani nikachana karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika yale tunayosemaga misibani na kwenye harusi, "kama kuna niliyemkosea kwa kujua au kwa kutojua, anisamehe." Mama yako aliisoma akauliza, "Kama? Wewe hujui?" Hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyokuwa nimejiachia upenyo.

Kwa hiyo siku ile sikuomba msamaha. Watu wa kwako wamekuelezea vibaya. Nilisimama wakati mzee mmoja anakianza kile kisa cha Mgogo wa Stella, nikamkatiza. Nikamtaja mwenzangu kwa jina lake kamili na la baba yake. Nikasema aliyekuwa na dhamana ni mimi, nilimwambia "nisubirini", niliondoka kwa ajili ya dola 100, na aliyemwokoa mgeni ni yeye. Nikasema Mweka nilidanganya. Nikakaa. Haikuzidi dakika tatu.

Hakuna aliyepiga makofi, nashukuru. Mzee mwenzangu mmoja alikasirika, akasema nimewavua nguo viongozi wote mbele ya watoto. Mwingine, ambaye alikuwapo Mweka, aliinamisha kichwa. Nadhani naye alikumbuka kicheko chake. Kijana mmoja akauliza kama mgeni yule alipona, nikamwambia alipona, na huyo ndiye pekee aliyeuliza jambo la maana. Tukala ugali wa uwele na mlenda kimyakimya.

Umeuliza kwa nini si faraghani. Faragha tulikuwa nayo shambani, ilitosha kwa yaliyo kati yangu na yeye, na kama hatayamaliza ni haki yake. Lakini uongo wangu haukubaki kati yetu wawili. Niliutoa mdomoni getini, ukapanda milima mingine kwa miguu ya watu, ukarudi mpaka hapa kwetu Dodoma, ukawa somo la watoto. Ningemnong'oneza yeye peke yake ningekuwa nimepona mimi, na vijana wangeendelea kufundishwa kuwa mzembe ni yeye. Aibu yako mbele ya wakwe naijua, na pole sana. Ila aibu hiyo mwenzangu aliibeba miaka yote hii wala haikuwa yake.

Kuhusu fedha, maana najua utauliza. Nilipeleka bahshishi yake ya safari ile na zile dola 100, nimezigeuza shilingi za leo. Yeye akasema hazitaki. Mkewe akasema kutoka jikoni, "Yeye hazitaki, mimi nazitaka," akatoka na unga mikononi akazipokea, akazihesabu mbele yangu noti moja moja. Nilimpenda yule mama siku ile.

Kuna jambo lingine, ndilo lililonifanya niandike badala ya kukupigia. Mwanawe wa mwisho anataka kwenda mlimani. Kule bado wapo wazee wa enzi zetu, na atakapotaja jina la baba yake kuna watakaokumbuka. Baba yako mdogo ameniomba, na ni jambo la kwanza kuniomba tangu 1998, niende naye huyo kijana mpaka Mweka, niyaseme pale pale nilipoyasemea. Kiongozi mkuu wetu ameshafariki, lakini geti lipo na wagumu wapo. Tunaondoka Alhamisi na basi la asubuhi, siku hizi Kondoa ni lami mpaka Babati. Mama yako ameshanitolea sweta lile la zamani, limeliwa na nondo kiwiko.

Namba ya baba yako mdogo nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukimpigia, mwamkie kama zamani. Huenda asikukumbuke sauti, mtajie ubuyu.

Baba yako