Programu haiujui mnazi

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, nina miaka 34. Kila jioni nikishampelekea tajiri hesabu yake napitia mangwe, kilabu cha mnazi, pale Muyeye, na siku hizi pesa ya nyumbani haifiki. Abiria mmoja mgeni aliniambia kwao watu wanapunguza pombe kwa programu ya simu. Nimeipakua. Inaniuliza nimekunywa bilauri ngapi za mvinyo na chupa ngapi za bia. Mimi nanywa mnazi, tena kwa mboko, kile kibuyu. Itanifaa au inanimalizia bando tu? Na mke wangu akiiona? — Wa Tuktuk.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mvinyo nimecheka, unisamehe.

Miaka yote niliyokaa wodini, kila mwanamume niliyemuuliza anakunywa kiasi gani alinijibu, "Mbili tatu hivi, mama." Mbili tatu za nini? Programu faida yake kubwa ni hiyo: haiijui "hivi". Inataka namba, siku kwa siku, na Ijumaa ukifungua unaiona Jumatatu yako imekaa pale pale. Lakini ukiipa namba ya uongo nayo itakurudishia uongo, na mnazi ndio kinywaji rahisi zaidi kukidanganyia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe mwenye mangwe akuazime mboko unayonyweaga. Nyumbani tafuta chupa ya soda ya mililita 300, ijaze maji, uyamimine ndani ya mboko, uhesabu. Tuseme imeingia chupa mbili na nusu: hiyo ni mililita 750. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu kama 20 za kileo. Tukiukadiria mnazi wako kwa nguvu hiyo hiyo, mboko moja ni gramu 30. Mboko tatu ni 90, yaani zaidi ya bia nne, na wewe hapo unasema umeonja tu. Nao ni makadirio. Tembo, yaani huo mnazi wako, huanza kuchacha lingali juu mtini, kwa hiyo la asubuhi ni tamu na la jioni limeshakolea. Wewe unakwenda jioni.

Kisha angalia programu yako imetoka nchi gani. Kipimo kimoja cha Uingereza ni gramu 8, cha Marekani ni 14. Bia ile ile moja itaandikwa mbili na nusu kwa Waingereza na moja na kidogo kwa Wamarekani. Usifurahie namba ndogo. Kama ina nafasi ya kuongeza kinywaji chako mwenyewe, andika "mboko", weka mililita na asilimia, basi umeshaifundisha.

Kuna aina moja siipendi: ile inayokukadiria kiwango cha pombe kwenye damu. Huko Uswidi waliijaribu moja kwa wanafunzi wa chuo kikuu, matokeo yakatoka 2014, na vijana wa kiume waliopewa wakawa wananywa mara nyingi zaidi. Sishangai. Mwambie kijana bado hajafika, naye ataitafuta safari.

Mwaka huo huo Wamarekani walitoa matokeo ya nyingine, waliyowapa watu 349 waliokuwa wakitoka kwenye matibabu ya ulevi. Hiyo ilikuwa na kitufe cha kuomba msaada, na mtu akikaribia mahali alipozoea kunywa, simu inamwonya. Waliokuwa nayo walipata siku za unywaji hatari kama 1.4 kwa mwezi, wenzao 2.75. Jambo hilo hata bila programu unaliweza: weka kengele ya simu saa unayompelekea tajiri hesabu, na pesa ya nyumbani uitume kwa M-Pesa kabla hujawasha tuktuk. Halafu pitia njia nyingine. Najua Muyeye njia ziko.

Baadhi ya programu huanza na maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani kuhusu unywaji. Yajibu ukiwa peke yako, bila haraka. Alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari. Ukifika 20, simu haitoshi, nenda ukaonane na mtu wa afya. Na sikiliza hili vizuri: kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kwanza, au jasho linakutoka bila joto, usiache ghafla. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuanguka kifafa. Nenda hospitali, ushushwe taratibu. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na mihadarati, ni 1192, na Kiswahili wanakisema.

Kuhusu mke wako: mwonyeshe wewe kabla hajaiona mwenyewe. Akiikuta usiku, na taa ya simu inawaka chini ya shuka, hatadhani ni hesabu ya mnazi.

Na mboko ya watu uirudishe mchana, kabla wateja hawajakaa.