Kabla hujanunua simu ya setilaiti hapa Goma

Wiki haipiti bila mtu kunipigia: "Kaka, ninunue simu au sahani gani ya setilaiti ili rezo, yaani mtandao, isikatike na watu wasinisikilize?" Wengi ni wafanyabiashara wa Birere, mtaa wa soko hapa mjini. Nimekuwa kwenye mawasiliano tangu enzi za foni, ile redio ya kuongea kwa mbali, nikiwa operateri wa depo moja ya maharage yenye boti kati ya hapa na Bukavu, na jibu langu huwa haliwapendezi: tafuta kwanza mtu wa kuishika hiyo mashine, ndipo uende dukani.

Niwaeleze aibu yangu. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka jioni, mbingu ya kaskazini ikawa nyekundu na Goma nzima ikapiga simu kwa wakati mmoja. Simu za kawaida hazikupita. Nikajiona mjanja, maana kabatini tulikuwa na simu ya setilaiti. Nikaifuta vumbi, nikaiwasha. Batri sifuri. Nikaichomeka kwenye batri ya gari, ikawaka, ikaomba namba ya siri. Namba ilikuwa kichwani mwa patroni, na patroni alikuwa kwenye msongamano wa watu wanaovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Tulipompata kesho yake tukakuta unite, yaani salio la kupigia, zilishaisha muda tangu Machi. Nahodha wetu alikuwa Bukavu, hajui kama aje kuchukua watu au abaki.

Baada ya hapo nikaanza kusoma jinsi wenye kazi hii hasa wanavyoifanya. Marekani wana kikosi kwenye kambi ya Schriever, jimbo la Colorado, kiitwacho 4th Space Operations Squadron, kilichopewa kuongoza setilaiti za mawasiliano ya siri: Milstar, kisha zile zilizokuja kuirithi, AEHF. Milstar ya kwanza ilirushwa Februari 1994, ikiwa imebuniwa ili amri za viongozi ziwafikie askari hata vita vya nyuklia vikizuka. Nilitegemea kukuta maajabu ya sinema. Nikakuta kwamba ile njia yake ya msingi ilipitisha biti (chembe ndogo kabisa za data) 75 hadi 2,400 kwa sekunde. Picha moja ya harusi ingekuchukua usiku kucha! Ni maneno tu yanayopita, tena mafupi, na wimbi lenyewe linarukaruka kutoka masafa haya hadi yale, anayetaka kulizuia hajui alikamatie wapi. Setilaiti nazo hupokezana ujumbe zenyewe huko juu, bila kushuka kwenye kituo cha njiani ambacho adui angekipiga bomu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku ya taabu achana na video. Tuma ujumbe wa maneno kumi. Sisi tumekubaliana na nahodha maneno manne tu: njoo, baki, rudi, subiri. Yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwake na kwangu.

Kuhusu siri, hapa ndipo watu wanajidanganya. Jeshi lina siri kwa sababu ya funguo za kuficha ujumbe na watu waliofundishwa kuzilinda, siyo kwa sababu chombo kiko juu. Setilaiti ya biashara inaweza kumwaga mawimbi yake juu ya nchi kadhaa kwa mara moja. Wazee wa foni walilielewa hilo bila shule, maana foni kila mtu anaisikia: "mama mkwe amepona" ilikuwa na maana bei imepanda. Saa ya boti kuondoka na kiasi cha pesa kilichomo usivitaje hewani, hata kwenye chombo cha bei kali. Na usitembee na simu ya namna hiyo bila karatasi zake za ruhusa. Kwenye kizuizi maelezo ya mdomo hayatoshi.

Sasa sahani. Setilaiti tunayotumia sisi kwa intaneti inakaa juu ya ikweta, upande wetu huu, kilomita 35,786 kutoka chini, na Goma iko karibu kabisa na ikweta. Sahani yetu inatazama karibu juu moja kwa moja, kama sufuria iliyoachwa uani. Mvua ikinyesha inakinga maji, volkano ikitoa majivu inakinga majivu. Miezi miwili nililaumu kampuni ya intaneti kabla kijana wa fundi hajapanda juu ya bati na kuniteremshia kikombe cha tope jeusi. Toboa tundu dogo sehemu ya chini, basi.

Jambo jingine lililonitoa jasho: mwezi Machi mtandao ulikatika saa sita mchana, dakika chache, siku kadhaa mfululizo. Patroni akaapa kuna mtu anatuzuia. Kumbe ni jua. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba linapita nyuma ya setilaiti na kelele zake zinafunika wimbi. Wanaoongoza setilaiti wanazijua dakika hizo mapema, mimi nilikuwa natafuta adui.

Somo la mwisho kutoka kwa wale Wamarekani ni uvumilivu. AEHF ya kwanza ilirushwa Agosti 2010, injini ya kuipandisha ikagoma. Wataalamu wakaisukuma kwa vijiinjini vidogo mpaka ikafika mahali pake Oktoba 2011, zaidi ya mwaka mzima. Hebu fikiria mtu wa zamu anayeandika kila siku umbali uliosogea, na umbali wenyewe ni mdogo.

Mimi nina daftari la kurasa mia. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi naiwasha simu, nampigia nahodha, naandika batri, unite na tarehe ya kuisha. Namba ya siri iko kwenye bahasha kwa mhasibu, nyingine kwa mlinzi. Nahodha amechoka nami. Jumatatu iliyopita alipokea akasema tu "baki", akakata.