Anza na 50mm f/1.8

Ndugu yangu, umeuliza ununue lenzi gani ya kupigia picha za harusi ya usiku. Kwa hiyo kamera yako ya Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa picha) na lenzi ya 18-55, usikimbilie lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200 kwa ajili ya harusi moja. Nunua 50mm f/1.8 (namba ya mm ikiwa kubwa, lenzi inavuta karibu zaidi; namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia zaidi). Shida ya ukumbi wa usiku ni mwanga, umbali si tatizo kubwa. Lenzi yako ukiivuta hadi 55, mwisho wake wa kufunguka ni f/5.6, hiyo ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Maana yake, maharusi wanapolishana keki chini ya taa za rangi, utapiga kwa 1/125 ya sekunde badala ya 1/15, na mkono wa bibi harusi hautatoka ukungu. Ila usibaki f/1.8 muda wote: wakikaa wawili, mmoja akisogea mbele kidogo tu, macho ya mwenzake yanapoteza fokasi. Nenda f/2.8.

Kwenye sensa hiyo ndogo, 50mm inabana eneo la picha kama 80mm kwenye sensa kubwa, kwa hiyo picha ya ukoo mzima itakushinda. Hiyo piga kwa 18-55 yako kwenye 24 hivi, f/8, nje, kabla jua halijazama. Ukishuka hadi 18, shangazi waliosimama pembeni watavutwa na kuonekana wanene, na hawastahili hivyo.

70-200 f/2.8 kodi tu, kama ibada ni kanisani na padri hataki usogee altareni. Na tafadhali sana azima kamera ya pili. Wakati wa kuvishana pete hakuna nafasi ya kubadilisha lenzi.