Picha zetu zinafanana kama za mkono mmoja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu ni wachoraji. Kwa miaka 11 tumekuwa tukipanda milimani pamoja kuchora mandhari. Mwezi uliopita tulifanya maonyesho, na mgeni mmoja akasema picha zote zinaonekana zimetoka mkono mmoja. Mume wangu alifurahi mno. Mimi niliumia, ila sijamwambia. Je, nianze kwenda kuchora peke yangu? – Mke mchoraji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imenigusa, kwa sababu marehemu mume wangu naye alikuwa mchoraji, na ndoa yetu ilikulia milimani kama yenu.

Usiende peke yako. Kuna watu wamepita njia hiyo. Peter Whyte alizaliwa Banff, katika Milima ya Rocky ya Kanada. Catharine Robb alitoka Concord, Massachusetts, huko Marekani. Walikutana Boston wakisomea sanaa, wakaoana mwaka 1930, wakajenga nyumba ya magogo Banff karibu na Mto Bow. Walibeba rangi za mafuta na vibao vidogo hadi Ziwa O'Hara, wakaketi bega kwa bega mbele ya vilele vile vile. Peter alifariki mwaka 1966. Makumbusho waliyoyaasisi yalifunguliwa mwaka 1968, na Catharine akaishi hadi 1979 akiitumikia kazi waliyoianza wawili. Nikiwafikiria hao, siwezi kukushauri uvunje safari zenu.

Lakini kuketi pamoja si kuingiliana. Siku moja nilishuka kijitoni kuchota maji ya kuoshea brashi. Niliporudi, nilikuta mstari wa buluu chini ya genge la mlima nililokuwa nikilichora, bado unang'aa kwa ubichi. Mume wangu alikuwa amenisaidia. Mstari ulikuwa mzuri kweli, na ndiyo maana uliniuma: kila aliyeiona picha ile alisifia pale pale. Niliukwangua kwa kisu, nikaacha pengo la ubao mtupu. Jioni ile tulizungumza hadi taa ikaisha mafuta. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa kibao cha mwenzake, hata kufuta tone.

Sasa jiulize kufanana kwenu kunatoka wapi. Nahisi mnatumia rangi zilizominywa kwenye ubao mmoja wa kuchanganyia. Kama ndivyo, tengeneza ubao wako. Milima ya mbali huonekana ya buluu na iliyofifia kwa sababu hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Lakini buluu ile utaichanganya vipi, hilo ni lako. Mwenzangu aliweka nyeupe nyingi. Mimi nilitia wekundu kidogo, na mtu aliyetufahamu alitutofautisha kwa hilo tu.

Jambo la pili ni saa. Jua likisogea, vivuli vya mabonde navyo husogea, na zikipita saa mbili mlima uliouanza si ule tena. Mwache mumeo aanze alfajiri kama amezoea. Wewe tembea kwanza, zunguka, chungulia upande wa pili wa jiwe, kaa chini pale moyo utakapokataa kuondoka, hata kama ni hatua 20 tu kutoka kwake. Mtasikiana mkikohoa, mtagawana chai, na bado kila mmoja atakuwa na mlima wake.

Wala msionyeshane kazi kabla haijakauka. Hili lilitugharimu miaka kulijua: jicho likishaona jibu la mwenzako, mkono hulifuata bila kuuliza.

Ila kabla ya rangi na saa, keti na mumeo umweleze ulivyoumia siku ile ya maonyesho. Yeye bado anadhani mlisifiwa wote wawili.