Dogo, kabla hujawasha mashine ya polishi

Kila kijana anayekuja kujifunza kwangu hapa Sakina, Arusha, swali lake la kwanza ni mashine iko wapi. Namwonyesha ndoo. Wengine hukunja uso, na mmoja aliaga saa nne asubuhi kwamba anafuata chai, hakurudi tena. Wewe unayetaka kuingia kwenye hii kazi ya kung'arisha magari, ngoja nikueleze niliyojifunza kwa kuharibu, ili wewe ukaharibu mengine.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Sogeza gari nyeusi juani, au mulika boneti kwa tochi ya simu. Utaona mikwaruzo myembamba imeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Ukweli ni kwamba haijachorwa duara. Imetapakaa kila upande, ila jicho linaona ile tu iliyokaa ubavu kwa mwanga. Ndiyo maana ukihamisha tochi, na "utando" unahama nayo.

Mikwaruzo hiyo iko kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kwenye gari nyingi za kiwandani klia ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele wa kichwani kwako ni kama maikroni 70. Humo ndimo unapofanyia kazi: chini ya unywele mmoja. Na ukishakwangua, hairudi.

Imetoka wapi mikwaruzo? Mara nyingi imetoka kwetu sisi waoshaji. Udongo wa huku ni wa volkano, vumbi lake likikaa kwenye bodi ni msasa. Gari ya watalii inarudi kutoka Ngorongoro imepauka mpaka huoni rangi, dogo anachukua kipande cha fulana kuukuu, anakilowesha kwenye ndoo iliyokwisha kuosha gari tatu, anaanza kusugua duara duara. Akimaliza gari inang'aa maana ni mbichi. Ikikauka, buibui wameongezeka.

Kwa hiyo ndoo. Kwanza piga maji ya presha vumbi lidondoke bila kuguswa. Halafu ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu yako ya kuoshea kila ukitoka kwenye bodi. Anzia juu kwenye paa, malizia chini ambako ndiko kwenye uchafu mkubwa. Sabuni ya unga waachie wanaofua. Na usiiache gari ikaukie juani. Maji yetu ya Arusha, haya haya yaliyotupa meno ya kahawia, yana madini ya kutosha, yakikauka yanaacha madoa ambayo baadaye utaisingizia polishi.

Ukishaosha, vaa mkononi karatasi laini ya nailoni, ile inayofungia shati jipya (mifuko ya nailoni tuliagana nayo Juni 2019), upitishe vidole taratibu juu ya boneti. Ukisikia chembechembe kama chumvi, hiyo ni takataka iliyong'ang'ania, maji hayaitoi. Inatolewa na udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza na maji ya shampuu. Udongo ukikudondoka chini, tupa. Najua bei yake inauma. Tupa tu.

Sasa polishi. Sokoni ziko za aina nyingi, lakini kwa anayeanza nashauri ile ya tatu kwa moja: ndani ya chupa moja kuna kisafishio, kuna chembe za kukata, na kuna nta au kinga nyingine ya kubaki juu. Mafundi wa kuringa huidharau. Wao wanataka kompaundi kwanza, ile polishi kali ya kukata, kisha polishi ya kumalizia, kisha kinga, siku mbili kwenye gari moja. Hiyo ni sawa kwa mtu mwenye gari ya maonyesho. Mteja wetu ana IST au Noah, anaitaka jioni, na kesho asubuhi yuko kwenye vumbi la Kwa Mrombo. Huyo anafaa tatu kwa moja, bora ujue mwisho wa uwezo wake. Inapunguza sana mikwaruzo myepesi na inarudisha wekundu wa kweli kwenye gari nyekundu. Mkwaruzo ambao kucha yako inanasa ukiupitisha, polishi hii haiuwezi. Usiahidi.

Hapo kwenye kuahidi ndipo palinipa aibu. Mwaka wangu wa pili mwalimu mmoja wa Njiro aliniletea Harrier nyeusi. Mawingu yalikuwa yameshuka Meru, nikaharakisha: sponji laini, spidi ndogo, paka, futa, kabidhi. Iling'aa mpaka mwalimu akajipiga picha nayo. Baada ya wiki mbili akarudi, akaniita pembeni kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Mwanangu, ulinipigia polishi au ulinipakia mafuta ya nazi?"

Nikatazama. Buibui wote walikuwa wamerudi. Tuseme hawakuwa wameondoka. Mafuta na nta vilikuwa vimejaza mikwaruzo ikapotea machoni, mwoshaji wa kwao akaja na sabuni ya unga, akafungua kila kitu. Nilirudia kazi bure, na toka siku ile sijawahi kukabidhi gari bila kujihoji mwenyewe kwanza.

Namna ya kujihoji ni hii. Chagua kipande kidogo kwenye boneti, cha sentimita 50 kwa 50, ukizungushie tepu ya karatasi. Kipige polishi vile unavyotaka kuipiga gari nzima. Kisha pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, umulike. (Rangi iliyopulizwa juzi usiiguse na spiriti, bado mbichi.) Spiriti inaondoa mafuta, unabaki na ukweli. Kama mikwaruzo imepungua kweli, endelea hivyo hivyo gari nzima, na kile kipande ukipake upya maana umekivua kinga. Kama imerudi, badilisha kitu kimoja tu: sponji ngumu kidogo, au mizunguko miwili zaidi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilichosaidia.

Mashine, chukua DA, ile ambayo sponji inazunguka huku inayumba. Ile nyingine inayozunguka tu kama grenda waachie mafundi rangi, kwa sababu ukiisahau kwenye kona sekunde chache, klia imeungua. Matone manne ya polishi, ukubwa wa njegere, yanatosha kipande kimoja. Sambaza kwa spidi ya chini kabisa ili usirushie hadi kwenye vioo, kisha panda hadi ya 4 au 5. Tembeza mashine polepole, mistari ikipandana nusu kwa nusu, kwenda na kurudi kisha juu na chini, mara nne hadi sita. Vijana wote hukosea hapa, wanafyeka kama wanapiga pasi shuka. Kobe akikutazama akuone mwenzake.

Na usikandamize. DA ukiikandamiza inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka tu, wewe unadhani unafanya kazi. Dawa yake nimeifanya kwenye mashine zangu zote: chora mstari mweusi kwa maka peni pembeni ya kile kisahani kinachoshika sponji. Ukiuona mstari unapita na kupita, uko sawa. Ukiuona umesimama, punguza mkono. Kwenye bampa na fenda zilizopinda utashangaa unavyosimama mara kwa mara.

Sponji isafishe kwa brashi kila ukimaliza kipande. Imebeba polishi iliyokufa na rangi iliyochakaa, ukiendelea nayo hivyo unairudishia gari uchafu wake. Gari ndogo nenda nayo ukiwa na sponji tatu au nne. Na tazama sponji imetoka na rangi gani. Gari yenye klia, sponji ikitoka na rangi ya gari maana yake klia hapo imeisha. Zima mashine, mpigie mwenye gari. Zipo gari za rangi tupu zisizo na klia, hizo hutoa rangi toka mwanzo. Unaendelea kwa mkono mwepesi, ukijua unachokikata ni rangi yenyewe.

Kona na mikunjo ya bodi zibandike tepu, klia huwa nyembamba hapo. Bandika pia plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, maana polishi ikikaukia humo inaacha weupe wa kukusumbua wiki nzima.

Kivuli ni lazima. Mwezi wa saba hapa Arusha unaweza kufanya kazi tangu asubuhi na baridi yako, bodi imepoa, polishi inateleza. Mwezi wa pili, au ukiitwa Moshi ambako joto halina adabu, gusa bodi kwa mgongo wa mkono kwanza. Ikikuchoma, ngoja. Polishi kwenye bati la moto inashika kama ukoko, na kuubandua ukoko huo ndiko kunakoleta mikwaruzo mipya. Kufuta tumia taulo safi za maikrofaiba, uligeuze kila mara, na ukifua usichanganye na zile za rimu.

Angalizo kwa gari nyeusi za Toyota, hasa rangi namba 202: laini mno, hata taulo bovu linachora. Usianze kujifunzia humo. Anza na nyeupe au ya fedha, zina huruma, hazionyeshi makosa yote.

Ukimaliza, usikabidhie gari chini ya turubai. Itoe juani, mzungushe mteja, umwonyeshe mwenyewe ulichokiacha kabla hajakiona. Ile Harrier ya mwalimu bado inakuja kwangu. Mlango wa nyuma kushoto una mkwaruzo mmoja mrefu wa tawi la mchongoma, kucha inanasa. Kila akija anaupitisha kidole, ananitazama.

"Huu bado hatuugusi?"

"Hatuugusi, mwalimu."

Anakwenda kukaa kwenye benchi, anafungua gazeti, na mimi nachukua ndoo.