Monita ya kazi, TV ya wageni: namna ya kuziunga bila kuchanganya

Kazi yangu ni kupiga picha za kupamba. Kwa msomaji asiye wa Pwani, hiyo ni jioni ya wanawake peke yao: bibi harusi anaketishwa juu apate kuonekana, buibui zimevuliwa, na mara nyingine hata simu hukusanywa mlangoni. Picha zake ni amana. Mwenye binti ananipa akijua nitazitengeneza nyumbani kwangu Tudor, Mombasa, na hakuna mwanamume atakayeziona.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mtumba kutoka Uingereza, na iko pembeni mwa sebule kwa kuwa chumba kingine sina. Mimi monita yanitosha. Lakini mama wa bibi harusi akija kuchagua picha za albamu, hawezi kuniinamia begani kwa saa mbili. Anataka kukaa kwenye kochi na kikombe chake cha kahawa, aone kwenye TV.

Nikaenda duka moja mjini, nikaeleza shida yangu, nikauziwa kigawanyo: kijisanduku chenye tundu moja la kuingizia na mawili ya kutolea. Kikafanya kazi papo hapo, nikafurahi. Hakuna aliyeniambia kwamba kigawanyo kinatoa nakala tu. Kompyuta inahesabu skrini moja, na unachokifungua kwenye monita kimefunguka kwenye TV pia.

Jioni ya tatu nilikuwa nafanya kazi, TV imezimwa. Ami yangu akaingia na wenzake wawili, mpira unakaribia kuanza, akachukua rimoti akawasha. Bibi harusi akatokea pale ukutani, mabega wazi, hina imempanda mpaka viwikoni. Niliruka nikang'oa waya. Ami aligeuza uso upesi, Mungu ambariki, na wenzake nao wakatoka. Asubuhi nilikwenda kwa mama wa binti nikamweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Umefanya vyema kuja, mwanangu. Sasa nenda karekebishe."

Nilirekebisha hivi. Na wewe usinunue chochote kabla hujaigeuza kompyuta ukaona mgongo wake. Kompyuta nyingi za ofisi za mtumba, kwa mfano Dell OptiPlex 7010 ya zamani, zina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA. DisplayPort inafanana na HDMI, lile tundu la kawaida la TV, ila imekatwa kona moja tu. HDMI imebanwa pande zote mbili. Waya wa DisplayPort mara nyingi una kitufe juu ya kichwa: kibonyeze kwanza ndipo uvute, usije ukang'oa tundu lenyewe. VGA ndiyo ile pana yenye skrubu mbili, haibebi sauti, kwa hiyo iachie monita. TV ipe DisplayPort kwa adapta ya kwenda HDMI. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba DisplayPort iko upande wa kompyuta, maana adapta hizi kwa kawaida hupitisha picha upande mmoja tu. Kama kompyuta ina kadi ya picha iliyochomekwa peke yake, waya zote ziende kwenye kadi hiyo. Na kwa laptopu, si kila tundu la USB-C linalotoa picha.

Sasa kompyuta inaona skrini mbili kweli. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na P. Chaguo la kwanza ni skrini ya kompyuta pekee, la pili ni nakala, la tatu, Extend, linatandaza: TV inakuwa kama meza ya pili kando ya ile ya kwanza. Chukua la tatu. Kwenye mipangilio ya skrini, ifanye monita kuwa skrini kuu, ili folda na ujumbe usianze kuchomoza mbele ya mgeni. Dirisha unalotaka alione, lipeleke kwa kitufe cha dirisha, Shift na mshale.

Hapa ndipo nasisitiza, kwa sababu ndipo siri inapovuja. Programu nyingi hukumbuka zilikofungwa mara ya mwisho. Ukiifunga ya kutazamia picha ikiwa kwenye TV, kesho itafungukia huko huko, hata kama TV inaonyesha taarifa ya habari na wewe huioni. Irudishe kwenye monita kwanza, ndipo uifunge.

Mengine ni madogo. TV ikikata kingo, ukaona kilemba cha bibi harusi hakina ncha, tafuta ukubwa wa picha kwenye menyu ya TV yenyewe. TV nyingi za LG huita Just Scan, za Samsung Screen Fit au Fit to Screen. Rangi usizipime hapo: kwenye mtindo wa Vivid hina yangu nyekundu iligeuka chungwa, mteja akadhani nimeiharibu. Sauti ikihamia kwenye TV, bofya alama ya spika uchague. Waya wa mita tano unatosha sebule ya kawaida. Upitishe kando ya ukuta, si chini ya zulia ambako utakanyagwa. Stima zikipotea, chomoa vyote, usubiri zitulie ndipo uwashe.

Mteja akishaondoka narudi kwenye chaguo la kwanza. Halafu nachomoa waya wa TV kwa mkono, nauzungusha, nauweka kwenye droo ya meza yangu. Ami akija na wenzake, rimoti iko juu ya TV, na mpira wanautazama kwa raha zao.