Kuwaomba watakatifu na imani kwa Kristo
Ndugu yangu, umeuliza kama Mkatoliki anayemwomba Mtakatifu Karoli Lwanga, shahidi wa imani wa Uganda, amepungukiwa na imani kwa Kristo, aliye mpatanishi pekee kati ya Mungu na wanadamu. Hapana. Katika Litania ya Watakatifu, sala inayowataja watakatifu mmoja baada ya mwingine, Mungu huombwa huruma, ilhali watakatifu huombwa tu watuombee, kama unavyomwomba mama yako akukumbuke katika sala zake bila kudhani kwamba yeye ndiye atakayekuponya. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulifundisha hivyo mwaka 1563: neema hutoka kwa Mungu, kwa njia ya Mwanaye. Anayedhani kwamba mtakatifu ana nguvu zake mwenyewe, nasema kwa uchungu, ameiacha imani ya Kanisa. Lwanga mwenyewe alichomwa moto Namugongo mwaka 1886 kwa kukataa kumwacha Kristo.